Mashine ya filamu ya milioni 14, giza linavunjika vimiraba kama muvi ya flashi. Nimechoka kuambiwa tatizo ni projekta yangu!

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi ni mrefu na nauandika nikiwa nimekereka, mnivumilie. Miezi mitano nimefuata njia zote za kistaarabu: barua pepe, simu, video nimewatumia, hadi fundi wao nimemlipia nauli ya treni kutoka Dar. Jana usiku wamenijibu mstari mmoja na kufunga malalamiko yangu. Ndiyo maana nimekuja hapa.

Mimi ni mtumishi, nilihamia Dodoma 2017 wizara zilipoanza kuhama. Sinywi, sina gari la maana, starehe yangu ni filamu. Nilipojenga huku Ilazo nilitenga chumba kimoja kwa kazi hiyo tu. Mapazia mazito, madirisha nimeyaziba na mpira kila upenyo, maana vumbi la huku la Agosti mnalijua, likiingia kwenye lenzi umekwisha. Projekta ya 4K, skrini ya inchi 120, spika nimenunua moja moja. Mwaka jana nikamalizia na hii mashine. Ni zile pleya za hali ya juu ambazo kampuni ina duka lake la filamu: unanunua, faili zima linashuka kwenye diski ngumu, ndipo unatazama. Hutegemei intaneti wakati filamu inacheza, kwa hiyo hakuna kisingizio cha mtandao. Mashine peke yake imenitoka milioni 14 na ushee, ushuru ndani. Nimeidunduliza miaka mitatu. Kampuni siitaji jina kwa sasa kwa sababu bado nataka wanirudishie hela yangu.

Walichoniahidi kwenye karatasi ni "ubora wa jumba la sinema". Shikeni hayo maneno, nitayarudia.

Filamu ya kwanza niliyonunua ilikuwa safi, siwezi kusema uongo. Ya pili safi. Ya tatu ndiyo iliyonitoa usingizini. Ni filamu ya zamani, imepigwa kwa mkanda wa mm 35, usiku mwingi. Kuna mahali mzee anaingia ghalani na taa ya chemli, anaiweka mezani, anakaa. Mwanga unatakiwa uishie polepole ukutani mpaka unakuwa giza. Nilichokiona mimi ni pete. Pete moja, ya pili, ya tatu, kila moja na mpaka wake, kama alama za maji kwenye kuta za tangi likikauka. Halafu koti la yule mzee: koti jeusi, upande wa kivulini, limekatika vimiraba. Akipumua, vimiraba vinahama pamoja, kisha kila baada ya sekunde moja hivi picha nzima inajirekebisha ghafla, inakuwa kali, halafu inaanza tena kulainika. Inapwita. Ukishaiona huwezi kuacha kuiona.

Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Mpwapwa kwa ajili ya macho yake, yuko kwenye foleni ya kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Amekaa pembeni yangu na lile jicho lake moja zima, akaniuliza, "Mwanangu, mbona huo ukuta unatembea?"

Nikasimamisha filamu. Nikachukua futi ya fundi nikaenda kwenye skrini nikapima. Vimiraba vingi vilikuwa na upana wa sentimita mbili na kidogo, vikubwa vinakaribia nne na nusu, karibu upana wa kiberiti. Sasa pigeni hesabu. Skrini yangu ina upana wa sentimita 266, picha ya 4K ina pikseli (nukta za picha) 3840 kwa upana, kwa hiyo pikseli moja haifiki hata milimita. Pikseli 32 ni kama sentimita 2.2, pikseli 64 ni 4.4. Na HEVC, kodeki (njia ya kupunguza ukubwa wa video) inayotumika kubana filamu za 4K, inaigawa picha kwenye vipande vya hadi pikseli 64 kwa 64, halafu inavikatakata kulingana na mahitaji. Futi yangu ilikuwa inapima alama za vidole za enkoda yao, yaani programu yao ya kubana filamu. Projekta haitengenezi miraba ya ukubwa huo. Waya haitengenezi. Macho yangu hayatengenezi.

Hata hivyo sikukurupuka. Nilibadilisha waya wa HDMI mara mbili. Nikazima kila kitu kwenye projekta kinachojifanya kusafisha picha. Nikaipeleka mashine kwa rafiki yangu wa mtaa wa Kisasa mwenye TV ya OLED, projekta ikabaki nyumbani. Ghala lilelile, dakika ileile, pete zilezile, na kwenye OLED ndiyo zilikuwa mbaya zaidi kwa sababu TV ile giza lake ni giza kweli.

Kisha shemeji yangu akarudi likizo kutoka Uingereza na diski ya 4K ya filamu hiyohiyo. Tukaicheza kwenye pleya ya kawaida kabisa ambayo bei yake haifiki hata sehemu ya kumi ya hii mashine. Ghala limetulia. Mwanga unafifia ukutani kama inavyotakiwa, koti ni koti, unaona mpaka nyuzi kwenye kola, na zile chenga za mkanda wa filamu, punje ndogondogo za picha, zipo, zinacheza zikiwa hai. Kwenye faili lao chenga zote zimepanguswa, uso wa mzee umekuwa kama umepakwa mafuta. Mimi na shemeji tulikaa pale tukirudia dakika ile mara sita, saba. Sikufurahi hata kidogo kuona nilikuwa sahihi.

Tukaangalia ukubwa wa mafaili. Filamu ina saa 2 na dakika 10. Kwenye diski inachukua GB 62. Faili nililouziwa ni GB 31. Ukigawanya kwa sekunde, diski inapata kama megabiti 64 za data kwa sekunde, faili langu kama 32, na humo toa sauti, kwa picha inabaki kama 27. Nusu! Na bei yake ni kubwa kuliko ya diski.

Kuna wakuu humu watasema namba si kila kitu, na wako sahihi, naomba nilimalize hilo kabla halijaanza. Mtu anayejua kazi, akiipa enkoda muda wa kutosha, akapita filamu mara mbili, akaziongezea data zile sehemu ngumu, anaweza kutoa picha nzuri kwa megabiti 27 kuliko mzembe mwenye 40. Lakini filamu ya mkanda ina chenga, na chenga hazifanani fremu (picha moja moja zinazounda filamu) hata mbili. Kubana video maana yake ni kutafuta kinachojirudia kati ya fremu na fremu ili usikiandike upya. Chenga hazijirudii. Kwa hiyo zinakula data kuliko kitu chochote, na ukiibania enkoda data, cha kwanza inatupa chenga, cha pili inatupa tofauti ndogondogo za giza. Faili ni la biti 10, ndiyo, ngazi 1,024 kwa kila rangi badala ya 256 za biti 8. Lakini ngazi zinasaidia nini ikiwa enkoda imeziunganisha tano zikawa moja? Ndizo hizo pete.

Na kule kupwita kila sekunde kunatokana na hilohilo. Kuna fremu zinazoandikwa nzima, na katikati yake zinafuata fremu zinazoandikwa kwa kuegemea jirani zake. Zikinyimwa data, zinachakaa polepole mpaka fremu nzima nyingine ije isafishe. Mtu yeyote aliyekaa chini akaitazama hii filamu kabla ya kuiweka sokoni angeiona. Naamini hakuna aliyeitazama. Wameisukumia kompyuta, kompyuta imemaliza, wamepandisha dukani.

Sasa turudi kwenye "ubora wa jumba la sinema". Kanuni za sinema ya dijitali zinaruhusu hadi megabiti 250 kwa sekunde, biti 12, na kila fremu inabanwa peke yake, haimtegemei jirani. Sidai megabiti 250 Ilazo. Diski ya 4K, iliyoingia sokoni 2016, inaweza kupita 100. Wala hizo sidai. Hata Netflix, ambao wanakwambia wazi kwamba intaneti ya megabiti 15 inatosha kwa 4K yao, hawakuuzii mashine ya milioni 14 kwanza. Mimi nimeuziwa mashine kwa hoja moja tu, kwamba hapa hapabanwi. Nimekuta pamebanwa.

Sasa sikilizeni majibu yao kwa mfululizo.

Mwezi wa kwanza: "Sasisha programu." Nimesasisha. Mwezi wa pili: "Projekta yako haijasawazishwa." Nikawatumia video ya OLED. Mwezi wa tatu fundi akaja, kijana mstaarabu sana, simlaumu. Akatazama, akanyamaza, akasema, "Kaka, hii naiona. Lakini mimi nafunga mashine tu, filamu zinatoka huko kwao." Ripoti aliyoipeleka sijawahi kuoneshwa. Mwezi wa nne: "Hivyo ndivyo mwongozaji alivyokusudia." Hapa ndipo nilipopandwa na hasira. Mwongozaji alipiga filamu ile kwa mkanda, miaka mingi kabla ya HEVC kupitishwa 2013. Mpiga picha alikesha akipanga taa moja ya chemli iangukie ukuta wa udongo namna ile. Miraba aliikusudia wapi? Msimsingizie mtu kazi mbovu ya kompyuta zenu. Na jana: "Faili limekaguliwa na halina hitilafu. Asante kwa kuwa mteja wetu."

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wanaweza. Zile filamu mbili za kwanza nilizosifu, nimezipima, moja ina karibu megabiti 70. Kwa hiyo mashine ni nzima na kiwanda chao kinajua kazi. Wameamua tu kwamba filamu za zamani, zenye wateja wachache, zipite harakaharaka. Tangu hapo nimenunua kumi na moja, nne zina ugonjwa huu, na zote nne ni za zamani. Na mimi ninunuaye za zamani ndiyo nalipa bei ileile.

Pale Sabasaba kuna kijana anarusha muvi kwenye flashi. GB mbili, filamu nzima, giza lote ni matope. Lakini anakwambia kabla hujatoa hela: hii kaka ni kopi ndogo, kubwa ninayo, subiri kidogo nikuwekee. Unachagua. Niliyemlipa mamilioni hakunipa nafasi ya kuchagua. Dukani kwao pameandikwa 4K, HDR (picha yenye tofauti pana zaidi ya mwanga na giza), basi. 4K inakwambia picha ina pikseli ngapi, haikwambii kila pikseli imepewa nini.

Nimewaandikia leo asubuhi mambo matatu. Kila filamu iandikwe ukubwa wa faili na megabiti kwa sekunde kabla mteja hajalipa. Hizi nne zibanwe upya kutoka kwenye nakala ya studio, nipewe bila malipo. Au wachukue mashine yao na filamu zao, wanirudishie hela. Nimewapa siku 14. Zikipita, napeleka faili lote la malalamiko Tume ya Ushindani. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja, na karatasi yao ya "ubora wa jumba la sinema" ninayo, ina mhuri.

Ombi kwenu wakuu: aliye na mashine ya aina hii, popote alipo, Dodoma, Arusha, Dar, Mwanza, azime taa zote leo usiku, aweke filamu ya zamani yenye usiku mwingi, atafute mahali penye taa moja na ukuta. Asogee. Akiona pete au vimiraba, asimamishe, apime kwa rula, apige picha rula ikiwa kwenye skrini, aandike dakika na ukubwa wa faili. Mkija na "hata kwangu ni mbaya" bila kipimo, watatuambia ni macho.

Picha zangu za ghala, diski kushoto na faili lao kulia, napandisha kwenye posti ya pili hapo chini. Ni nzito, nimekataa kuzibana.

NYONGEZA saa 4 usiku: Kuna mkuu ameniuliza kwa nini nisitazame filamu mpya tu. Mkuu, zile za zamani nilizitazamia kibanda umiza nikiwa darasa la tano, kwenye TV ya inchi 21, kanda imechoka, tumebanana kwenye mabenchi. Sikuwahi kumwona yule mzee ghalani uso wake ulivyo. Nililipa nimwone.