Mwembe wa Bibi utafika kwenye bati?

Bamdogo: Salama humu? Jamaa wa chenso anakuja jumamosi kukata ule mwembe wa mama, shina lishaliwa na mchwa na mvua ndo hizo. Anauliza urefu, maana upande wa pili kuna ukuta wa jirani ko lazima uangukie huku. Toka shinani mpaka nyumbani ni mita 15, nimepima na tepu

Shangazi Ujiji: si mtu apande na kamba

Bamdogo: apande nani na mchwa wote wale

Shangazi Ujiji: huyo mwanao form tuu anasoma nini sasa

Dogo: Shkamooni. Nshapima asubuhi. Nimesimama mita 12 toka shinani, nikafunga uzi na kijiwe kwenye protrakta nikachungulia kilele kwa ule upande ulionyooka, uzi ukatulia kwenye 40, ko pembe ni 90 toa 40 = 50

Dada Tabora: saini 50 mara 12 ni 9.2. Kateni

Dogo: hapana dada, saini inataka haipotenusi, yaani ule mshazari toka jichoni kwangu mpaka kileleni, na huo sijaupima. Nnao wa chini, natafuta wa kusimama. Ile ya kukariri shuleni, SOTOCA juu HAH chini: T ni O (wa kusimama) juu ya A (wa chini), hapo ni tanjenti

Bamkubwa Kasulu: nimepiga tan 50 mara 12 kwenye simu imeleta -3.26. Mti umeota kuelekea chini?? 😂

Dogo: 😂😂 bamkubwa simu yako iko kwenye redian, kipimo kingine cha pembe, weka digrii. Kwenye foo figa, kile kitabu cha majedwali ya hesabu, tan 50 ni 1.1918, mara 12 inakuja 14.3

Bamdogo: 14.3 na nyumba iko 15. Alhamdulillah haufiki, namwambia aje

Dogo: baba bado. Nilichungulia nimesimama, hiyo 14.3 inaanzia machoni kwangu, na toka chini mpaka machoni ni 1.5. Jumla 15.8

Shangazi Ujiji: yarabi bati la mama!

Bamkubwa Kasulu: toa kisiki nusu mita

Dogo: 15.3. Bado unagusa

Bamdogo: basi tunaulaza kishazari, uangukie kile choo cha zamani, hakina mtu

Shangazi Ujiji: nimemsomea mama hapa. Anasema choo hicho ndo anachoingia yeye kila siku, hicho chenu cha kukalia hakitaki