Kiti cha ngozi au pesa mkononi? Naomba ushauri kuhusu shukrani ya Pasta wetu

Binti_wa_Zimma
Bwana asifiwe, na wasio wa kanisa pia hamjambo. Nina jambo linaloninyima usingizi. Kanisa letu ni dogo, huku Zimmerman, watu kama 120 shule zikifungwa. Tunakodi ukumbi juu ya duka la mbao. Pasta ana miaka tisa nasi na hatujawahi kumfanyia lolote, kwa hivyo mwaka huu tumetenga Jumapili ya pili ya Oktoba iwe yake. Tumechanga tangu Julai, tumefika 168,500. Kamati imepanga hivi: kiti cha ngozi cha madhabahuni 38,000, suti 25,000, hema na vyombo vya sauti 30,000, keki 12,000, bango lenye picha yake 4,500. Zitakazobaki zitiwe kwa bahasha.

Mimi naona tungempa pesa tu. Nimesikia hali yake si nzuri. Nitaisemaje hiyo bila kuonekana namdharau mwenyekiti? Zimebaki wiki mbili.

Kijana_wa_Madhabahu
Timotheo wa kwanza 5:17, heshima maradufu. Nunueni kiti. Mtumishi wa Mungu haketi kwa plastiki.

mama_pacha_Umoja
Soma na aya ya 18, ndugu. Mtenda kazi na ujira wake, na ng'ombe asifungwe kinywa apurapo nafaka. Hapo Paulo anaongea chakula, haongei fanicha.

Kiberiti
Hizi siku za mwezi wa kumi tumeziiga. Ni Wamarekani walioanza kutengea wachungaji mwezi huo miaka ya 1990. Kwetu Kakamega Pasta akipita kwako anaondoka na kuku amefungwa miguu, mwezi wowote. Hakuna bango wala kamati, na hakuna anayejua ulimpa nini.

Mwana_wa_Pasta
Niongee kama mtoto wa mchungaji. Baba alihudumu Kayole miaka kumi na minne. Karibu kila Desemba kanisa lilimpa saa ya ukutani yenye aya, imefungwa kwa karatasi ya kung'aa. Zilifika kumi na moja. Tatu ziko ukutani, nane ziko chini ya kitanda kwenye sanduku. Hakuna hata moja iliyokuwa inatembea, maana Mama alikuwa anatoa betri anaziweka kwa tochi stima zikipotea. Muhula wa pili nikiwa kidato cha tatu nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, nikakaa wiki tatu nikiangalia zile saa. Jumapili Baba anasimama anashukuru kwa saa nyingine, na anashukuru kwa moyo, kwa sababu aliwapenda wale watu. Mpaka leo sijui angesema nini mtu angemuuliza, "Pasta, umekula nini wiki hii?" Nadhani angelia.

Fundi_Seremala
Kiti cha 38,000 ni bei ya wapi? Pandeni Ngong Road kwa mafundi wa kando ya barabara, mwenye mkono mzuri atawatengenezea kwa nusu, na mbao ni mahogani. Nitumie ujumbe.

mama_pacha_Umoja
Fundi, dada hajaomba kiti. Binti, umesema "nimesikia hali yake si nzuri". Umesikia kwa nani?

Binti_wa_Zimma
Kwa watu tu.

mama_pacha_Umoja
Watu gani? Na pesa anazishika nani?

Binti_wa_Zimma
Ziko salama. Swali langu ni namna ya kuongea na mwenyekiti.

AlhamisiNjema
Mimi nafanya kazi za bima, acheni niseme jambo moja la maana. Ulizeni kama Pasta na familia yake wamelipa SHA, ile bima ya afya ya serikali. Tangu ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, asiye na mshahara anapimwa kwa mapato ya nyumba yake, asilimia 2.75, na haishuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Na anatakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, hapo ndipo wengi hukwama. Hata akiwa kwa kile kiwango cha chini kabisa ni 3,600. Bango lenu ni 4,500. Mke wake akilazwa usiku, bango halitamsaidia.

Kiberiti
Hii imenigusa. Nakumbuka Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilipokataa pesa ambazo Rais alitoa kanisani kule Soweto ya hapa Nairobi, likasema zitarudishwa. Kila mtu alipiga makofi, na mimi nilipiga. Lakini siku hiyo nilijiuliza: kama hatutaki wanasiasa walishe makanisa, sisi waumini tunayalisha?

Kijana_wa_Madhabahu
Kuna hatari upande wa pili pia. Elisha alikataa zawadi za Naamani, Gehazi akamkimbilia akachukua talanta mbili za fedha na mavazi, akarudi na ukoma. Mchungaji akizoeshwa pesa mkononi anaharibika.

Mwana_wa_Pasta
Gehazi alidanganya ili apewe. Baba yangu hakuomba. Paulo gerezani alipokea vitu kwa mkono wa Epafrodito, akawaandikia Wafilipi kuwashukuru. Hakuharibika.

mama_pacha_Umoja
Binti, narudi kwako. Mweka hazina ni nani?

Binti_wa_Zimma
Ni mimi.

Sawa, niseme yote, tafadhali msinirukie. Naishi ploti moja na Pasta, wao ghorofa ya tatu, mimi ya nne. Ijumaa ya wiki mbili zilizopita nimetoka kazini nikawakuta watoto wake wameketi kwa ngazi na sare za shule, wanafanya kazi ya nyumbani wakitumia mwanga wa simu ya mama yao. Mama Mchungaji akaniambia wamepoteza ufunguo. Nikaangalia mlango. Kufuli yao ndogo iko pale, na juu yake kuna nyingine kubwa, mpya, bado ina kibandiko cha bei. Shati la bluu la Pasta la Jumapili lilikuwa kwenye kamba, limekauka, upepo umelizungusha waya mara mbili, na hakuna wa kulitoa kwa sababu kamba iko upande wa ndani wa grili.

Sikusema kitu. Niliwaletea chai na mkate. Mama Mchungaji aliponirudishia vikombe akanishika mkono: kodi ya miezi mitatu, 16,000 kila mwezi, na nisimwambie mtu yeyote, hata Pasta asijue kwamba najua. Nikaapa.

Usiku huo nikalipa 48,000 kwa nambari ya mwenye nyumba. Kutoka kwa mchango.

Kijana_wa_Madhabahu
Yaani umechukua pesa za Mungu bila idhini, halafu unakuja kuuliza habari za kiti?

Binti_wa_Zimma
Sikuchukua. Ni pesa za Pasta, zimemfikia Pasta. Na sikugusa kiti, suti wala keki. Ukijumlisha mipango ya kamati ni 109,500, kwa hivyo za bahasha zilikuwa 59,000. Nimetoa 48,000 humo, zimebaki 11,000. Na zamu yangu kwenye chama chetu cha kuchangiana inafika mwezi wa kumi na moja, naweza kurudisha polepole. Kufuli ilitolewa saa nne usiku. Mngekuwa mimi mngefanya nini, mngengoja mkutano?

Pasta huyu mwaka wa 2021 Mama yangu alipolazwa alikuja kila jioni siku kumi na nane, na thamosi ya uji. Baadaye ndio nilijua alikuwa anatembea kutoka Githurai ili nauli inunue unga wa uji.

Wakili_wa_Mtaa
Kwanza, mwenye nyumba hana ruhusa ya kumfungia mpangaji nje hivyo bila amri ya korti. Hilo lingepiganiwa bila kugusa mchango.

mama_pacha_Umoja
Saa nne usiku, watoto wako kwa ngazi, korti gani imefunguliwa?

Tai_wa_Juja
Nimesoma yote na mimi naona hii ni hekaya. Mwanzoni "nimesikia", sasa "nimeona kufuli". Mwanzoni hukutaka kusema anayeshika pesa ni nani, sasa ni wewe. Wachungaji wa Nairobi ninaowajua wanaendesha magari makubwa, huyu wako anatembea na thamosi? Imeandikwa vizuri mno. Kesho utaweka nambari ya kuchangia.

Kiberiti
Hata mimi ile ya kibandiko cha bei ilinifanya nisite.

Fundi_Seremala
Kama ni hekaya basi mimi nimepoteza mteja ambaye hakuwepo.

Mwana_wa_Pasta
Tai, wale wa magari makubwa unawajua kwa sababu wana mabango. Walio wengi wako kwa kumbi juu ya maduka kama huyu, na mishahara yao ni sadaka iliyobaki baada ya kulipa ukumbi. Mimi nimelala kwa ngazi kama hizo. Kibandiko cha bei kinabaki kwa kufuli kwa sababu mtu alienda kununua akiwa na hasira. Namwamini huyu dada.

Binti_wa_Zimma
Sitaweka nambari yoyote. Msitume hata shilingi. Mwanzoni nilificha kwa sababu niliapa, na kwa sababu naogopa kuitwa mwizi kanisani ambako nilibatizwa.

AlhamisiNjema
Mimi nakuamini, lakini nisikilize kama mtu wa hesabu. Ulichofanya ni kizuri, ulivyokifanya ni hatari. Jumapili hiyo bahasha itafunguliwa, na mwenyekiti anajua inapaswa kuwa na ngapi. Ukirudisha polepole kutoka kwa chama ndio utaonekana mwizi kweli, kwa sababu mtu hurudisha alichoiba. Usirudishe. Piga *334#, toa taarifa yako ya M-Pesa, ichapishe, umpelekee mwenyekiti peke yake kabla ya kamati. Kiapo chako kwa Mama Mchungaji ni cha kumlinda aibu, na mtu mmoja mwenye kifua hamwaibishi.

mama_pacha_Umoja
Na uwaombe wafute hema. Hiyo 30,000 ni kodi ya karibu miezi miwili. Keki ibaki, watoto wale.

Kijana_wa_Madhabahu
Bado nasema ulikosea kutouliza. Lakini wewe nenda kwa mwenyekiti, nitakuombea. Naandika haya nikiwa nimekaa kwa kiti tulichomnunulia Pasta wetu mwaka jana, kiko ofisini kwake na plastiki yake haijatolewa. Sikuwahi kujiuliza ni kwa nini.

Binti_wa_Zimma
Nimechapisha taarifa kwa saiba ya hapa chini, shilingi kumi kila karatasi. Mwenyekiti sikumpata kwa simu, nikampigia picha ule mstari wa 48,000 nikamtumia, na nikamwandikia yote, na ile ya watoto kwa ngazi.

Alama mbili za bluu tangu saa tano asubuhi. Mikono inatetemeka.

mama_pacha_Umoja
Tuko hapa, dadangu.

Binti_wa_Zimma
Amejibu sasa hivi. Hakuuliza chochote kuhusu bahasha. Ameandika, "Na ya Oktoba imelipwa?"

Nimemwambia bado. Anakuja kwangu Alhamisi jioni na mke wake. Amesema nisimwite mtu mwingine.