Mbao "zenye dawa" Nakuru: kijani nje, ndani ni saiprasi mbichi

Wadau wa Nakuru, hasa nyinyi mnaojijengea wenyewe bila fundi, someni hii kabla hamjapeleka pesa yadi ya mbao.

Nilitaka kuongeza varanda ya mbao nyuma ya nyumba huku Kiamunyi, futi 10 kwa 12. Ni mara yangu ya kwanza kujenga, kwa hiyo niliuliza na kusoma sana kabla ya kushika msumeno. Nguzo zimekaa juu ya zege, hazigusi udongo. Boriti za 6 kwa 2 zimeachana inchi 16. Ile ya ukutani imefungwa kwa bolti, si misumari. Skrubu ni za kupakwa zinki, kwa sababu dawa ya mbao ina shaba na shaba hula chuma kitupu. Kati ya ubao na ubao nimeacha nafasi maji yapite. Kazi iko sawa. Kilichooza ni nilichouziwa.

Mbao nilizoletewa zilikuwa za kijani kibichi, na muuzaji akaniapia: "Madam, hizi zimepigwa dawa, mchwa hataziangalia." Nililipa bei ya mbao zenye dawa. Jua likapiga, zikajikunja hadi zikang'oa skrubu. Mvua za Aprili zilipoanza, vijia vya udongo vya mchwa vikapanda kwenye zege na kuingia moja kwa moja kwenye boriti. Nikakata boriti katikati: kijani kimeishia kwenye ngozi, unene wa ukucha. Ndani ni nyeupe, na unyevu bado upo.

Dawa ya kweli haipakwi kwa brashi wala kuchovywa kwenye pipa. Mbao hukaushwa kwanza, maana mbao iliyojaa maji haina pa kuweka dawa. Kisha huingizwa kwenye silinda, hewa inafyonzwa, na dawa inasukumwa ndani kwa presha. Ndivyo zinavyofanywa nguzo za stima za mkaratusi, na ndiyo sababu zinadumu miaka ardhini. Na msinijibu kwamba kiini cha saiprasi hakinywi dawa vizuri, hilo nalijua. Hapa hata sehemu laini ya pembeni, karibu na gome, ile inayokunywa dawa haraka, haikuwa na chochote. Hiyo ilikuwa rangi tu!

Nikarudi kwa muuzaji na kipande mkononi. Jibu: "Wewe si fundi, ungekuja na fundi angekuchagulia." Kwa hiyo mbao nzuri zipo, ila mwanamke anayejijengea anapewa zile mbovu? Halafu akanishauri nizipake oili chafu ya gari. Oili chafu, mahali watoto wangu watatembea miguu mitupu!

Akaleta pia hadithi ya marufuku, eti ndiyo imefanya mbao ziadimike. Marufuku ya kukata miti kwenye misitu ya serikali ilianza Februari 2018, na Rais Ruto alitangaza kuiondoa Julai 2023, akiwa hapo Molo, kaunti hii hii yetu. Mbao zikiadimika, bei ipande, sawa, tutalipa au tutaacha. Uhaba haumpi mtu ruhusa ya kupaka rangi mbao mbichi na kuziita jina lingine.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinanipa haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na ya kuelezwa ukweli kuihusu. Lakini risiti yangu imeandikwa "mbao" tu, na sasa naelewa kwa nini. Ukinunua, lazimisha iandikwe "zimetiwa dawa kwa presha", na ubao mmoja ukatwe mbele yako, katikati, si mwishoni ambako dawa hujipenyeza yenyewe. Akikataa kukata, ondoka.

Mimi nataka pesa yangu. Sitaki kubadilishiwa kutoka rundo lile lile, kama anavyonipigia simu kunibembeleza.

Kama kuna anayejua kiwanda cha Elburgon, Molo au Njoro chenye silinda ya kweli, na kinachokubali kumuuzia mtu mbao chache bila kumlazimisha lori zima, tafadhali aandike hapa. Jumamosi nazing'oa hizi zote.