Ujiji na Kigoma: bandari ilihamaje, na gati jipya ni la nani?

Mzaliwa wa Ujiji:
Ndugu zangu, naomba kueleweshwa. Tunaambiwa kwamba mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone kwetu Ujiji karibu na maji, ilhali leo ukitoka makumbusho, pale kwenye miembe, inakubidi utembee kitambo ndipo ulifikie Ziwa Tanganyika. Je, ziwa ndilo lililotunyang'anya bandari, au Wajerumani waliipendelea tu Kigoma? Nauliza kwa kuwa Mamlaka ya Bandari imeingia kujenga gati Ujiji, nami ningependa kujua kama tunarudishiwa kilichopotea.

Mzee wa Lukuga:
Ziwa lilirudi nyuma kweli, ndugu yangu. Maji ya Ziwa Tanganyika yana mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni Mto Lukuga, upande wa Kongo karibu na Kalemie. Mlango huo ulikuwa umezibwa na matope na mimea, maji yakawa yanapanda, hata mnamo 1878 yakauzibua. Katika miaka kama 15 iliyofuata ziwa lilishuka kwa takriban mita 10. Edward Hore, mmisionari Mwingereza aliyekaa Ujiji wakati huo, aliweka alama ufukoni na kuyaona maji yakiiacha. Kwa kuwa ufuko wetu umelala, kina kikipungua kidogo tu, nchi kavu hutokea kubwa.

Hata hivyo, kulilaumu ziwa peke yake si haki. Enzi za Rumaliza, yule mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji, pembe za ndovu na watumwa vilivushwa kwa mitumbwi na majahazi, vyombo ambavyo havisumbuliwi na maji mafupi, kwani huvutwa hadi mchangani. Mambo yaligeuka reli kutoka Dar es Salaam, yenye urefu wa kilomita zipatazo 1,250, ilipofika Kigoma mwaka 1914. Reli ilihitaji meli kubwa, na meli ilihitaji ghuba yenye kina na kinga ya upepo, sifa ambazo Kigoma inazo na Ujiji haina. Meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, ambayo leo ni Liemba, iliunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915, Ujiji ingekwama.

Mchuuzi wa Dagaa:
Shikamoo, Mzee. Nakubaliana nawe, ila neno «kilichopotea» linanitatiza, maana boti za mbao hazijawahi kuacha kupakia Ujiji. Wasiwasi wangu ni kwamba gati hupimwa kwa kimo cha meli. Kwenye mwalo mmoja, ambao sitautaja, niliona wapagazi wakibeba magunia huku maji yakiwafika kifuani, na gati la zege liko hatua chache kutoka hapo, kwa sababu sakafu yake ilikuwa juu mno kwa boti zao. Sisi tunahitaji mteremko, vichanja vya kuanikia, ghala lisilovuja na choo, hasa kwa akina mama wanaosubiri boti tangu alfajiri.

Mzee wa Lukuga:
Marahaba, mwanangu. Ongeza na hili: miaka ya karibuni ziwa limepanda tena na kuingia katika nyumba za watu, Kigoma na Bujumbura pia. Mteremko unaousema ungelifuata ziwa likipanda au likishuka, kwa hiyo ningeanza na huo kabla ya jengo la abiria.

Mzaliwa wa Ujiji:
Nashukuru, wazee wangu. Nikifika nyumbani nitakwenda kuangalia kama mteremko upo.