Walimu wa Historia na Serikali hapa Nairobi, tupeane uzoefu: raha na karaha

Mwalimu wa Jogoo Road: Niko kwa matatu nasahihisha mtihani wa majaribio, karatasi ya pili. Swali: kwa nini Waafrika hawakuwakilishwa kwenye Mkutano wa Berlin wa 1884–85, ule wa Wazungu kugawana Afrika? Kijana wa Kidato cha Nne kajibu, "Hawakuwa na viza." Nimecheka hadi makanga akaniangalia vibaya. Sufuri nimempa, ila nimeshinda nikijiuliza kama kweli amekosea. Haya, leteni zenu.

Chaki Mkononi: Wewe cheka. Mimi ninafundisha mikondo yote ya Kidato cha Tatu, na kila mkondo umefurika kwa sababu anayekimbia Fizikia hukimbilia kwangu. Kuna msichana aliniandikia habari za Mekatilili wa Menza, yule mama aliyeongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza, kurasa mbili: jinsi alivyozunguka vijijini akicheza ngoma ya kifudu, jinsi Wagiriama walivyokula kiapo 1913, mpaka nikajihisi niko Kilifi. Nikachukua mwongozo wa kusahihisha. Swali la alama 15, pointi zinazohesabika zilikuwa tatu tu. Jirani yake kaandika vijisentensi vikavu alivyokariri, akapita vizuri. Niende nimwambie nini huyu binti, kwamba aandike vibaya ili apite? Kisha muhula ukifungwa naitwa mkutanoni kuulizwa mbona wastani wa Historia umeshuka.

Mama Kidato: Hiyo ya wastani acha tu.

Aljebra Tupu: Kwani Historia huhitaji mwalimu? Mpe mtoto kitabu, akariri, basi. Nyinyi mnalipwa kusoma hadithi.

Chaki Mkononi: Na wastani wa Hesabu shuleni kwako uko wapi, mwalimu? Nauliza tu.

Aljebra Tupu: Usiniletee siasa.

Mama Kidato: Hata siasa ni somo letu, mwenzangu. Kaa mbali.

Mwalimu wa Jogoo Road: Wacheni vita, kuna mtu anaandika kitu kirefu.

Mtaa wa Mashariki: Mimi nilipata raha yangu Moi Avenue. Pesa za basi zilikataliwa, niliambiwa Historia haina maabara. Nikawachukua Kidato cha Nne Jumamosi moja, tukapanda matatu kila mtu na nauli yake. Tulianza Makumbusho ya Reli, na kama kawaida waligoma kutoka kwa lile behewa ambamo simba alimtoa afisa wa polisi Charles Ryall kule Kima, mwaka 1900. Kisha tukapanda hadi sanamu ya Tom Mboya. Vijana hawa hupita pale kila wakienda mjini, wengine hukutana hapo na marafiki zao. Nikawaambia barabara hii iliitwa Government Road, na kwamba Mboya, akiwa waziri, alipigwa risasi hatua chache kutoka hapo, Julai 5, 1969, akitoka dukani kununua dawa. Mmoja akaniuliza, "Hapa hapa, mwalimu?" Walianza kubishana wenyewe ni duka gani, wakauliza wazee wanaong'arisha viatu, mzee mmoja akawapa somo kuliko mimi. Nilisimama kando nikanunua njugu. Muhula uliofuata hakuna aliyehitaji kusukumwa kuhusu siasa za baada ya uhuru.

Kiatu cha Mwalimu: Wazazi hawakulalamika? Ajali ikitokea hapo ni wewe na mwajiri wako.

Mtaa wa Mashariki: Barua za wazazi nilikuwa nazo. Mimi si mgeni kazini.

Ibara ya 37: Jina langu mnaliona, sasa nieleze lilikotoka. Shule ya bweni, siitaji. Nilikuwa nafundisha Kidato cha Pili katiba na haki za binadamu. Si mnajua mada hiyo hulaza darasa? Nikaamua tusome katiba yenyewe ya 2010, ibara kwa ibara, kila kikundi kilete mfano wa maisha yao. Darasa likachangamka ajabu.

Jumatatu, wakati wa chakula cha mchana, Kidato cha Pili hawakupanga foleni. Hawakupiga kelele, hawakuvunja hata kikombe. Walitembea wawili wawili hadi ofisi ya mwalimu mkuu wakiwa na karatasi ya fulskepu na sahani moja ya maharagwe, wadudu wakielea. Ombi limeandikwa kwa mwandiko mzuri: kwa mujibu wa Ibara ya 43 kila mtu ana haki ya chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika, kwa mujibu wa Ibara ya 37 tunawasilisha malalamiko kwa amani bila silaha, kwa mujibu wa Ibara ya 35 tunaomba kujua ni nani analeta maharagwe haya na kwa bei gani. Sahihi za darasa zima. Na chini kabisa, jamani: "Tunamshukuru mwalimu wetu wa Historia kwa kutufungua macho."

Niliitwa kabla sijamaliza chai.

Mama Kidato: Uuuwi! Ibara ya 35! Hao wataenda mbali.

Mwalimu wa Jogoo Road: Endelea, usituache hapo.

Ibara ya 37: Nikaandikiwa barua ya kujieleza, eti nimechochea wanafunzi. Nikajibu kwa ukurasa mmoja. Nikaambatisha maazimio ya kazi yenye sahihi ya mkuu wa idara, nakala ya silabasi, na kurasa za kitabu ambacho shule yenyewe ilinunua. Bodi ikakaa, sikuitwa tena. Maharagwe yalibadilishwa wiki hiyo hiyo, na mimi nikabadilishiwa darasa.

Kiatu cha Mwalimu: Ndiyo maana mimi nasema Ibara ya 37 ifundishwe wiki ya mwisho ya muhula, wakishafunga masanduku.

Chaki Mkononi: Ushauri mbovu huo. Ifundishe mapema, ila mwambie naibu wa mwalimu mkuu akuje akae darasani siku hiyo.

Aljebra Tupu: Au ufundishe Hesabu. Hakuna aliyewahi kuandamana kwa ajili ya Pythagoras.

Mama Kidato: Leo umesema kweli mara moja.

Zamu ya Usiku: Kwangu ilikuwa Juni 2024. Miaka yote hatua za mswada huwa ni za kukariri, kusomwa mara ya kwanza, mara ya pili, kamati, na kadhalika. Mwezi ule wa Mswada wa Fedha, watoto ndio walinivamia. "Mwalimu, rais akikataa kutia sahihi unaenda wapi?" Tukafungua Ibara ya 115. "Na kushirikisha umma ni lazima?" Ibara ya 118. Kengele ikalia, hakuna aliyetoka. Ila niliwaza kila neno kabla halijatoka, kwa sababu darasani kulikuwa na mtoto wa askari na mtoto aliyekuwa na ndugu kwa maandamano ya Juni 25 ya kupinga mswada huo. Wote wawili walikuwa wakinitazama.

Mtaa wa Mashariki: Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, ndugu yangu. Uliwaambiaje?

Zamu ya Usiku: Tulisoma tu maandishi, kila mmoja akaandika maswali yake bila jina. Mengine sikuyasoma kwa sauti.

Kiatu cha Mwalimu: Salama zaidi ni kutoa noti waandike.

Chaki Mkononi: Wewe ndiye unayeletea sisi wote sifa mbaya ya kukariri!

Mwalimu Mpya: Shikamooni walimu. Samahani kuingilia, kuna mwenye maazimio ya kazi ya Historia na Uraia, Gredi ya 10? Nimepewa darasa na sijaona hata kitabu.

Mama Kidato: Marahaba. Njoo inboksi nikutumie, lakini uyapitie kwanza, yana makosa ya chapa.

Aljebra Tupu: Ibara ya 37, kabla thread haijafungwa: nani alikuwa akileta yale maharagwe?

Ibara ya 37: Tumia Ibara ya 35.