Mjadala: Redio ya Kijapani ya 76–90 ing'olewe au iachwe? Transimita, Bluetooth, AUX na flashi, ipi ina sauti safi?

Mwenye_Hoja
Wakuu, habari za jioni. Kila mazungumzo ya magari siku hizi yanaishia kwenye sentensi moja: "Ng'oa hiyo redio, weka redio ya Android." Magari yetu mengi yanashuka bandarini na redio ya Kijapani inayoanzia 76 hadi 90 MHz, wakati stesheni zetu zinaanzia 87.5 hadi 108. Wengine wanachomeka transimita ya FM kwenye tundu la kiberiti, wengine wanafunga ekspanda (kidude cha kushusha namba za stesheni), wengine wanatafuta AUX (tundu la kuchomeka waya wa simu), wengine wanang'oa redio nzima. Swali langu ni moja tu: kwa kusikiliza muziki, siyo ramani wala video, kuna ulazima wa kung'oa? Naomba maelezo, siyo ushabiki.

Fundi_Waya
Kwa usafi wa sauti panga hivi: juu kabisa CD halisi na flashi yenye faili nzuri, inafuata AUX iliyofungwa vizuri, halafu Bluetooth, na mkiani transimita ya FM. Transimita inashika mkia kwa sababu muziki unabadilishwa sura mara nyingi mno. Simu inaubana kuurusha kwa Bluetooth, kidude kinaufungua, kinaupandisha kwenye mawimbi ya FM, redio inaushusha tena. Na FM ya stirio inapitisha masafa hadi 20 kHz tu.

Kwa redio ya Kijapani tatizo ni kubwa zaidi. Transimita inaanzia 87.5, redio inaishia 90. Mnakutana kwenye kichochoro cha 2.5 MHz, na kwa Dar humohumo wamekaa Clouds 88.5 na Wasafi 88.9. Kidude cha kwenye kiberiti hakiwezi kusukumana na mnara.

Sauti_Safi
Fundi, siyo 20. Ni 15 kHz. Pale 19 kHz pana mlio wa kuongoza stirio, kwa hiyo muziki lazima ukatwe kabla haujaufikia. Mengine yote umesema sawa.

Fundi_Waya
15, ndiyo. Nakubali.

Kisiki_Kikavu
Mnahesabu kHz kwenye Toyota IST? Mwenye IST hana gari la kuongelea sauti. Bati la mlango jembamba kama kopo la maziwa, spika ya karatasi, basi. Mpe CD, mpe flashi, mpakie kikundi kizima cha taarabu kiti cha nyuma, kitakachosikika ni kilekile. Ng'oa redio weka Android ya wati 60 mara 4, habari imeisha.

Mzee_wa_Soda
Kabla hamjafika mbali. Redio nyingi za Toyota zenye navigesheni zina tundu la VTR kwa nyuma. Unanunua waya wake, upande mmoja soketi ya plastiki, upande wa pili vichwa vitatu: nyeupe, nyekundu, njano. Nyeupe na nyekundu ni sauti kushoto na kulia, njano ni picha, hiyo iache inaning'inia, ifunge kwa solotepu. Unaunga na waya wa kichwa kidogo cha simu, kwenye menyu unachagua VTR. Gari likitembea picha huzimwa, sauti inaendelea. Hapo una AUX kamili bila kung'oa kitu.

Mama_IST_Tegeta
@Kisiki_Kikavu, "kopo la maziwa" ni lugha ya mtu ambaye hajawahi kufungua kava la mlango. Nyuma ya kava kuna karatasi ya nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi inayovutika kama ubani. Ile nailoni siyo ya maji peke yake. Spika inaposukuma hewa mbele, inasukuma nyuma pia kwa mwelekeo wa kinyume. Nailoni ikichanika, ile hewa ya nyuma inazunguka inakutana na ya mbele, zinauana, na kinachokufa kwanza ni besi. Mafundi wa vioo wanaichana kila wanapobadilisha mota ya kioo na hawairudishi. Kisha mtu anakaa ndani, hasikii besi, anailaumu IST. Hilo linatokea kwenye Crown pia.

Kisiki_Kikavu
Dada, sijaitukana IST, nimeeleza bati. Usinipeleke Crown.

Mama_IST_Tegeta
Umesema mwenye IST hana gari la kuongelea sauti. Iko hapo juu, imeandikwa.

Nyali_Besi
Watanzania salamu kutoka Mombasa. Huku pia ni Vitz na Probox kila mahali na redio ni hiyohiyo ya 76–90. Fundi wa huku atakufungia ekspanda, na watu hawaelewi hesabu yake. Ekspanda inakaa kati ya antena na redio, inatoa namba fulani kwenye kila stesheni. Redio ina upana wa 14 MHz. Bendi yetu ina upana wa 20.5. Haziwezi kuingia zote, hata ufanyeje. Ukifunga ya kutoa 18, unapata 94 hadi 108: Capital 98.4 inakaa 80.4, Kiss 100.3 inakaa 82.3, Classic 105.2 inakaa 87.2 kwa mwenye yuko Nairobi. Ukifunga ya kutoa 12, Classic inaenda 93.2, iko nje ya redio, umeipoteza.

Sauti_Safi
Na kwa Dar ni kinyume chake. Ya kutoa 18 inampeleka EFM 93.7 kwenye 75.7, hayumo. Ya kutoa 12 inamweka 81.7, na Clouds anakaa 76.5. Kwa hiyo usinunue ekspanda kabla hujaandika stesheni unazosikiliza na kutoa hesabu kwenye karatasi. Na mwenye transimita akumbuke, mawimbi yake yanaingia kwa antena, yanapita ekspanda kama stesheni nyingine. Kwa ekspanda ya 18, ukiweka transimita 107.5 unaitafuta 89.5, siyo 107.5. Wengi wanatupa transimita nzima wakidhani imekufa.

Kijana_wa_Tabata
Mbona mnailaumu transimita? Ukiipanga vizuri inasikika vizuri tu.

Fundi_Waya
Inasikika, ila ipange hivi. Tembeza redio bila transimita, tafuta namba yenye mchakacho mtupu, na majirani zake wa 0.2 pande zote mbili pia wawe watupu. Sauti ya simu weka karibu na mwisho, sauti ya kidude iwe katikati, iliyobaki ongeza kwenye redio. Ukikijaza kidude kupita kiasi, wimbi linatanuka kuliko redio inavyoweza kulipokea, unasikia "s" na matoazi yanakwaruza. Ukikipunguza sana, mchakacho unapanda juu ya muziki. Gari lenye antena kwenye kioo cha nyuma linasumbua zaidi, maana kidude kiko mbele na nguvu yake ni ndogo mno. Na ukivuka kutoka Dar kwenda Moro, namba iliyokuwa tupu inaweza kuwa na mwenyewe, unaanza upya.

Kijana_wa_Tabata
Sasa kama ni hivyo mbona flashi yangu na transimita havina tofauti?

Sauti_Safi
Kwa sababu ya kilichomo kwenye flashi. Nyimbo zilizovutwa YouTube halafu zikaandikwa "MP3 320" hazina hizo kbps 320 (data ya muziki kwa sekunde). Chanzo chenyewe kilikuwa na kbps mia na kitu, programu imeongeza uzito wa faili tu, kama kuongeza maji kwenye uji. Dakika 4 kwa 320 ni kama MB 9.6, kwa 128 ni kama MB 3.8, lakini usiamini ukubwa. Fungua faili kwenye programu ya kuonyesha masafa: MP3 ya kweli ya 320 inafika karibu 20 kHz, ya 128 inakatika kama kwa panga karibu na 16. Transimita inakata 15. Sasa tofauti uisikie wapi?

Na flashi ifomati kwa mfumo wa FAT32. Kubwa kuliko GB 32 Windows yenyewe inakupa exFAT, na redio nyingi za zamani hazisomi hiyo. Mtu anasema tundu la USB limekufa, kumbe redio haijui kusoma alichoandika.

Kisiki_Kikavu
Mnazunguka. Bluetooth ya Android inamaliza yote hayo. Wati 60 mara 4, siyo hivi vya Kijapani.

Fundi_Waya
Wati 60 haipo. Tufanye hesabu. Gari likiwaka betri inasoma 14.4 volti hivi. Spika ni omu 4. 14.4 zidisha 14.4 ni 207, gawa kwa 8 (omu 4 mara mbili), unapata 26. Hiyo ni kama chipu ingekuwa haipotezi chochote, na inapoteza. Redio ya kawaida inayoendesha spika moja kwa moja bila amplifaya ya pembeni haivuki hapo kwa mlio safi, iwe imeandikwa 50, 60 au 100. Ukiilazimisha, mawimbi yanakatwa vichwa, na zinazoungua kwanza ni twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba. Ukitaka wati, funga amplifaya: waya mnene kutoka betri, fyuzi ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye kichwa cha betri, ethi kwenye bati lililokwanguliwa rangi hadi ling'ae, na nyaya za sauti zipite upande wa pili wa gari, mbali na waya wa umeme.

Bluetooth nayo ina ngazi za kubana muziki, zinaitwa kodeki. Ya msingi, SBC, kwa kiwango chake kizuri ni 328 kbps. iPhone inatumia AAC au SBC, haina aptX wala LDAC, kwa hiyo usilipie redio ya LDAC kama una iPhone. Kwenye simu ya Android unaweza kuangalia: gusa namba ya muundo (Build number) mara 7, ingia chaguo za wasanidi programu, utaona kodeki inayotumika. Na ukisikia muziki umekuwa mwembamba kama simu ya mezani, redio imeshika njia ya kupigia badala ya njia ya muziki. Futa muunganisho pande zote mbili, unganisha upya, na uruhusu sauti ya midia.

Mama_IST_Tegeta
Fundi ahsante. Sasa @Kisiki_Kikavu, umeona? Wati zako 60 zimekuwa 26, na hizo 26 zinaingia kwenye spika ileile uliyoidharau.

Kisiki_Kikavu
Android bado ina ikolaiza. Ya Kijapani ina besi na trebo tu.

Mama_IST_Tegeta
Ikolaiza hairudishi besi iliyouawa mlangoni. Kingine wasichoangalia: fundi akifunga Android anakata soketi ya kiwandani na kuunga nyaya kwa kukisia rangi. Spika moja ikigeuzwa chanya na hasi, ya kushoto inatoka wakati ya kulia inaingia, besi inapotea katikati ya gari na mwimbaji anasikika kama yuko nje. Kipimo chake ni betri ya 1.5 ya rimoti. Chomoa soketi ya redio kwanza. Gusa nyaya mbili za spika kwa sekunde moja tu, chungulia au weka kidole kwenye karatasi ya spika: ikiruka kuja nje, waya uliogusa chanya ya betri ndiyo chanya. Ikiingia ndani, ni kinyume. Fanya milango yote minne, andika.

Nyali_Besi
Ongezea hapo. Ukitoa redio ya kiwandani, angalia waya wa kuwasha kikuza mawimbi cha antena. Usipouunga, FM inakufa nusu na utasema Android ni mbovu. Pia zile redio za Toyota za navigesheni, aina ya NSZT, betri ikitolewa zinajifunga na kudai kadi ya SD ya ramani. Kadi ikiwa imepotea, hiyo ndiyo sababu watu wengi wanang'oa, wala siyo sauti.

Kijana_wa_Tabata
Nimefunga AUX nikasikia mluzi. Ukikanyaga mafuta unapanda.

Sauti_Safi
Unachaji simu kwenye kiberiti huku imechomekwa AUX. Umeme wa altaneta unapata njia mbili za kurudi kwenye bodi, moja ni waya wako wa muziki. Chomoa chaja. Mluzi ukikata, umempata mchawi. Chajia pawabenki, au weka kidude cha kutenganisha ethi katikati ya waya wa AUX. Chagua chenye transfoma kubwa za kutosha, vile vidogo kama kidole vinakula besi.

Mwenye_Hoja
Ahsanteni, ila tumeondoka kwenye swali. @Mzee_wa_Soda, hakuna aliyekujibu kuhusu VTR. Redio isiyo na navigesheni, ile ya CD tu, inalo tundu hilo?

Mzee_wa_Soda
Ya CD tu usiitegemee, mara nyingi haina. Itoe redio ugeuze nyuma, tundu lisipokuwepo usinunue waya. Kama haina, na CD inasoma MP3, choma nyimbo zako kwenye CD, sauti yake inaishinda transimita yoyote. Kwa swali lako: yenye VTR usiing'oe.

Kisiki_Kikavu
Sawa, VTR nimeisikia. Ila bati la IST neno langu sifuti.

Mama_IST_Tegeta
Basi fungua kava, gonga bati la nje kwa kidole upande wa ndani, pale nyuma ya spika. Utasikia debe. Safisha kwa spiriti kidogo, acha pakauke kabisa, bandika karatasi ya lami yenye foili ya milimita 2, uikandamize kwa rola hadi mapovu yaishe. Huhitaji kujaza mlango mzima, robo yake pale katikati inatosha. Matundu ya chini ya kutolea maji usiyazibe, mlango utaoza. Rudisha nailoni nzima. Gonga tena, kisha uje uandike unasikia nini.