Naomba ushauri: kosa la zamani linanifungia milango ya kazi

Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili. Niko Tanga. Mwaka 2013 nilitiwa hatiani kwa kumwibia mwajiri wangu, nikala miezi 18. Sikukata rufaa, sikujua hata kwamba notisi ya kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10. Sasa nina leseni ya udereva wa malori, lakini kila kampuni inataka cheti cha polisi cha tabia njema, na alama za vidole hazisahau.

Jirani ananiambia niombe Mahakama Kuu iniongezee muda wa kukata rufaa. Mwingine anasema msamaha wa Rais, Ibara ya 45 ya Katiba. Kosa nilifanya kweli, sitaki kudanganya. Aliyewahi kupita huku, nianzie wapi? Wakili bei gani?